Kambare Kwenye Beseni la Mafuta

Ijumaa, 7 Aprili 2006. Kitale.

Nimeshtuka hadi chai imenimwagikia. Mzee Alwi, mwenye kiwanda chetu cha mafuta ya alizeti, ametangaza asubuhi kwamba Ofisa wa Usalama ni Chepchumba. Chepchumba! Binti wa Kapsokwony aliyekuja juzi na diploma na viatu vya mpira. Mimi Wekoye, msimamizi wa tangi kubwa tangu lilipokuwa mabati yaliyolala chini, nimeambiwa nipige makofi.

Hotuba yake ya kwanza ilihusu beseni. Beseni ni ule ukuta mfupi wa saruji unaozunguka tangi, ili tangi likitoboka au likifurika, mafuta yabaki mle ndani, yasikimbilie kijito cha kina Mama Nakhungu. Amesema lazima liwe tupu wakati wote. Maji ya mvua yatazamwe, yakiwa safi yafunguliwe yatoke. Ufunguo wa koki, lile bomba la kuyatolea, nimepewa mimi.

Nimelitazama lile beseni siku nzima. Pana kuliko sebule yangu. Tupu! Na wiki ijayo ni Ijumaa Kuu, siku ambayo Wakatoliki wa wilaya nzima hawagusi nyama.

Jumamosi, 8 Aprili.

Nimefika mji mdogo wa Kwanza, kwa mzee mmoja anayefuga kambare. Amenieleza kuwa kambare ni samaki mvumilivu. Umweke pabaya, anyamaze. Nikaona tumefanana.

Nimewaleta ndani ya mapipa. Kiwanda kilikuwa kimefungwa nusu siku, na mvua ilikuwa imejaza beseni hadi magotini. Koki sikuifungua. Kambare wakazama kimya kimya, kila mmoja na sharubu zake, kama madiwani wakiingia mkutanoni. Nikawafunika kwa turubai.

Nabwile, mke wangu, ameuliza kwa nini suruali inanuka. Nikasema ni kazi ya mazingira.

"Mazingira gani hiyo iko na magamba?"

Kambare hana magamba! Na siwezi hata kumsahihisha.

Jumatatu, 10 Aprili.

Mvua kubwa. Maji kiunoni. Kambare wamenona.

Chepchumba ameuliza turubai ni la nini. Nikasema ni la kuzuia mvua isiingie. Ameinua pembe moja, ameona maji, amenitazama. Kwa bahati wapangaji wangu walikuwa upande wa pili. Nikasema koki imekwama kwa kutu, tunahitaji nyingine kutoka stoo yetu ya Bungoma. Ameniamini! Sikutegemea mtu aliyesoma aamini upesi hivyo. Hata nimemhurumia kidogo.

Ameniagiza niende mwenyewe kesho.

Jumanne, 11 Aprili. Bungoma.

Nauli ya kiwanda, biashara yangu. Kabla ya saa nne nilikuwa nimempata Joy, mwenye hoteli karibu na kanisa. Atachukua kambare wote. Atakuja na pikapu Alhamisi jioni, mlango wa nyuma.

Nikapita stoo ili tu niseme nilifika. Absalom, mtunza stoo, hata hakuinuka kitini. "Koki? Si ile pale, bana."

Mpya! Bado ina grisi! Bungoma hii, ambako nimewahi kutafuta msumari nikakosa, leo koki inanisubiri rafuni. Nimeshtuka, nimeibeba, nimerudi nayo mapajani kama mtoto wa mtu mwingine.

Jumatano, 12 Aprili. Kitale.

Nimemwambia Chepchumba koki ni kubwa mno, haiingii. Akasema niilete aione. Nikasema iko nyumbani. Hilo ni kweli. Nabwile anazuia mlango wa jikoni nayo.

Basi ametoa amri: kesho maji yatolewe kwa pampu ya mkono, na kabla beseni halijakauka, tangi lisijazwe. Kesho! Siku ya Joy!

Nikamfuata Mzee Alwi ofisini. Nikamnong'oneza kwamba wateja wa Pasaka watakosa mafuta kwa sababu ya woga wa msichana mmoja. Mzee akafikiri, akazungusha kofia yake, akaamua: tangi lijazwe kesho, na Wekoye asibanduke kwenye kipimo.

Ushindi! Chepchumba amepita bila kunisalimia. Maji yamefika karibu na ukingo wa ukuta, na bado inanyesha.

Alhamisi, 13 Aprili.

Kalamu inateleza. Mkono wangu bado una mafuta.

Pampu iliwashwa mchana. Nilikaa kwenye kipimo, kile kioo kinachoonyesha mafuta yamepanda hadi wapi. Joy akawahi. Akapiga honi nyuma, akapiga tena. Nikawaza, mafuta hupanda polepole, kuvua ni kazi ya mara moja. Nikaingia majini na gunia.

Kumbe kambare hashikiki! Nilikuwa ndiyo kwanza nimemkumbatia mmoja, mkubwa, kifuani, niliposikia kitu cha uvuguvugu kikinimwagikia kichwani. Nikadhani ni mvua. Mvua yenye harufu ya alizeti? Nikainua macho. Tangi linafurika!

Nilipiga kelele pampu izimwe. Mashine zilinguruma, hakuna aliyesikia. Na beseni halikuwa na nafasi hata ya kikombe. Mafuta yakaelea juu ya maji yangu, yakapanda ukuta, yakateremka upande wa pili kama uji uliochemka. Kambare nao wakafuata, mmoja baada ya mwingine, bila hata kuniangalia.

Chepchumba alikuja mbio. Akazima pampu, akaita kila mwenye jembe. Wakaziba mtaro kwa udongo na magunia ya mashudu. Mafuta mengi yakasimama pale. Si yote.

Niliteremka kijitoni. Maji yalikuwa yanang'aa kama shingo ya njiwa. Wanawake walikuwa wamesimama ukingoni na mitungi mitupu. Hakuna aliyefoka. Afadhali wangefoka.

"Wekoye mwanangu," Mama Nakhungu akasema, "sasa hii maji tutakunywa ama tutakaangia?"

Wiki hii nimeshtuka mara nyingi, lakini huu ulikuwa mshtuko mwingine. Nilisimama hadi viatu vikazama matopeni.

Niliporudi, Mzee Alwi alikuwa langoni, ameinamisha kichwa. Kati ya viatu vyake kambare alikuwa anajikokota, anameremeta.

"Wekoye, nini hii?"

"Kambare, mzee."

"Ametoka wapi?"

"Ni mvua, mzee. Mwaka huu imezidi."

Hakucheka. Aliyecheka ni Joy, kisha akatangaza mbele ya watu wote kwamba samaki aliyepakwa mafuta kabla ya kufika jikoni yeye hanunui. Pikapu ikaondoka tupu.

Ijumaa Kuu, 14 Aprili.

Mchana kutwa kijitoni. Chepchumba amelaza migomba kutoka ng'ambo hadi ng'ambo ili mafuta yanayoelea yakwame hapo, nasi tunayakusanya kwa sufuria. Trekta ya kiwanda inawapelekea wanawake maji safi. Nilisubiri anisute. Hakunisuta! Alinipa glavu, akasema, "Mzee Wekoye, anza upande ule." Mtu anayekushinda bila kukusuta ni mtu hatari.

Jioni nimekuta mlango wa jikoni unapigapiga. Nabwile amempelekea Chepchumba ile koki. Ati alidhani inatafutwa. Imeingia mahali pake bila hata kupigwa nyundo. Mke wangu wa ndoa!

Jumanne, 18 Aprili. Bungoma.

Sikufukuzwa. Ni Chepchumba aliyeniombea, ati mtu aliyesimama pale kijitoni vile nilivyosimama, amejifunza. Nimehamishiwa stoo, chini ya Absalom. Huku hakuna tangi. Kijito kimeanza kusafika, ingawa nasikia Mama Nakhungu bado huonja maji kwanza, kisha hutazama kiwanda kwa muda mrefu.

Kazi yangu ni kulinda magunia ya vumbi la mbao. Mzee Alwi ameyanunua jana, yamepangwa hadi darini. Mafuta yakimwagika, vumbi linamwagwa juu yake, linanyonya. Nimeonywa yasiguswe.

Nimekaa mbele yake asubuhi yote. Makavu. Safi. Absalom anasema yanaweza kukaa hapa miaka mingi, na tuombe Mungu yasihitajike kamwe. Miaka! Nimeshtuka. Na Khisa wa Myanga anazunguka akitafuta vumbi la mbao la kuwatandikia vifaranga wake. Kiwanda kizima, na hakuna mtu hata mmoja anayefikiri!

Nimempigia simu. Atakuja wakati Absalom ameenda chai.

Nimejaribu kunyanyua gunia moja. Jepesi ajabu. Hata likiondoka, nani atajua?