Kamati ya Watu Kumi na Mmoja na Printa Moja

Kwa mamlaka niliyokabidhiwa, na kwa mhuri nilioazima ofisi ya jirani, ninayo heshima kuutangazia umma kwamba ubadhirifu wa wino katika printa za majumbani umekomeshwa. Mimi ndiye niliyekuwa Katibu wa Kamati Maalumu ya Kubana Matumizi ya Wino wa Printa za Majumbani, na kama kuna mtu anayeweza kueleza mafanikio hayo bila kutia chumvi, ni mimi. Muda ninao pia. Siku hizi nina muda mwingi sana.

Nianze na takwimu, maana watu wa mitaani hawazipendi takwimu na ndiyo sababu wamebaki mitaani. Kamati ilikuwa na wajumbe kumi na mmoja. Printa tuliyokuwa tunaisimamia ilikuwa moja.

Chekeni, chekeni tu. Mtu asiyejua mambo ya utawala hucheka kwanza. Idara yetu ya Vyeti na Vibali ilikuwa na chumba cha uchapaji chenye dirisha kubwa kuliko yote jengoni. Mwenyekiti alipokitupia jicho mara moja tu, akasema hapa ndipo fikra zitakapopata hewa, na kikawa ukumbi wa Kamati. Mpigachapa wa Idara, ambaye ni shemeji yangu, mke wa kaka yangu wa tumbo moja, akaambiwa kazi akaifanyie nyumbani. Akapewa printa ndogo ya kurushia wino, ya kutoshea kwenye begi la shule. Akaiweka juu ya meza ya kulia, kati ya pasi na madaftari ya mwanawe, akaitandikia kitambaa. Kila cheti cha kuzaliwa, cha ndoa na cha kifo katika mji mzima kikawa kinatokea pale mezani. Kwa hiyo kukawa na printa ya nyumbani, na wino wake ulihitaji kusimamiwa, na Kamati tayari ilikuwa na chumba. Anayeona kasoro hapo aniandikie.

Katriji, yaani kile kikopo cha wino, ilikuwa inamaliza mwezi. Mwezi mzima! Tukaona aibu kwa niaba ya taifa. Waraka Namba Moja ukaamuru printa izimwe ukutani kila baada ya ukurasa mmoja, ipumzike, kisha iwashwe upya. Katriji iliyofuata ikaisha kwa siku tisa.

Mtu wa kawaida angetaharuki. Kamati ilijifungia siku mbili, ikatoa Waraka Namba Mbili: printa izimwe mara mbili kila ukurasa, kabla na baada. Siku sita. Waraka Namba Tatu ukaagiza maandishi yafifishwe hadi yawe kijivu cha adabu. Wananchi wakaanza kurudisha vyeti wakidai havisomeki. Bibi mmoja alisema cheti cha marehemu mumewe kimetoka cheupe kama vile hajafa. Tukamwelekeza akishike juani, akiinamishe kidogo, na awe na imani. Waraka Namba Nne ulipiga marufuku maswali.

Katriji ziliendelea kuisha. Hapo ndipo Mwenyekiti, aliyewahi kuongoza kamati saba na kuziacha zote zimenenepa, akakata mzizi wa fitina. "Wino haupotei," alisema. "Wino unaibwa. Na mwizi wa wino hawezi kukwepa, kwa sababu wino unaacha alama." Nikauandika Waraka Namba Tano kwa mkono wangu mwenyewe, na sioni haya kusema ulikuwa mzuri: mtumishi yeyote wa umma atakayekutwa na wino mwilini bila kibali amejifukuzisha kazi papo hapo, asikilizwe baadaye.

Ijumaa asubuhi tukaenda nyumbani kwa shemeji kwa magari manne. Mheshimiwa Waziri alikuwa anakuja saa nne kupokea ripoti yetu, na Mwenyekiti alitaka kumkabidhi mwizi pamoja na ripoti.

Shemeji alifungua mlango kalamu ikiwa sikioni.

"Karibuni. Mbona mmekuja wengi hivyo, kuna msiba?"

"Kuna ukaguzi," nikamjibu kwa sauti ya kiofisi.

"Ukaguzi wa nini tena, shemeji? Nina vyeti arobaini havijatoka, na nyie mnaniletea viatu sebuleni."

Mikono yake tuliikagua. Ilikuwa safi, jambo ambalo lenyewe lilitia shaka. Mwenyekiti akaamuru ndimi zitolewe. Shemeji akatoa wake kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kaka yangu, fundi mwashi aliyeanguka kutoka kwenye jukwaa mwaka juzi na mpaka leo hawezi kuketi zaidi ya robo saa, akatoa wake akiwa amelala. Kisha binti yao wa miaka sita akatoa ulimi. Ulikuwa wa buluu tupu.

"Ahaa!" wakasema wajumbe.

"Pipi," akasema mtoto.

Nikaandika: *Madai ya pipi yanachunguzwa.*

"Nyie mna akili kweli?" Shemeji alikuwa amepandisha. "Njooni hapa. Sikilizeni." Akaizima printa ukutani, akaiwasha. Ikaanza kukoroma, krrr, krrr, krrr. "Mmesikia? Kila ikiwashwa inajisafisha koo. Inajisafisha kwa wino! Wino wote huo unakwenda kwenye sponji huko chini. Nyie ndio mnaumwaga, kwa nyaraka zenu. Niacheni niwashe asubuhi, nizime jioni, katriji itakaa mwezi kama zamani. Nimeandika barua tatu kueleza."

Ni kweli aliandika barua tatu. Nilizipokea mimi. Lakini shemeji ni mtumishi wa daraja la tisa, na kwa mujibu wa kanuni, maelezo ya kitaalamu hutolewa kuanzia daraja la saba kwenda juu. Nilizihifadhi vizuri.

"Mama," akasema Mwenyekiti, "umesimamishwa kazi kuanzia dakika hii. Huruhusiwi kugusa printa. Utakuja nasi, na leo leo Kamati itakufukuza kwa haki."

Kaka akaniita kutoka kitandani. Hakupaza sauti. "Mdogo wangu, unajua nyumba hii inakula kutoka mkono gani. Unajua."

Nilijua. Nikamwambia utaratibu hauna undugu.

Mwenyekiti akainyanyua printa mwenyewe, akailaza ubavu kifuani kama mtu aliyembeba mtoto wa mwenzake mbele ya kamera.

"Msiilaze hivyo," shemeji akaonya. "Sponji imejaa, itawamwagikia."

"Mama, mimi nimeibeba Idara nzima miaka kumi na miwili."

Akaipakata hivyo hivyo ndani ya gari hadi ofisini. Alikuwa amevaa suti nyeusi.

Ukumbini mapazia yalikuwa yamefungwa ili chati za mafanikio zionekane ukutani. Giza la staha. Mwenyekiti akaiweka printa mezani, akampa mkono kila mjumbe kumpongeza kwa ukaguzi. Mpiga picha akasema picha ya kwanza haikutoka vizuri, kwa hiyo Mwenyekiti akatupa mkono tena sote. Waziri alipoingia tukapanga mstari, akatupa mikono mmoja mmoja, na mimi akanishika kwa mikono yote miwili, heshima ambayo nilipanga kuwasimulia watu. Shemeji alikuwa amekaa kwenye kiti cha pembeni. Mtumishi aliyesimamishwa hapewi mkono. Hiyo nayo ni kanuni.

Mwenyekiti akafanya onyesho. Akaizima printa ukutani na kuiwasha mara kumi na nne mfululizo, na kila mara ikakoroma, krrr, krrr, na kila ilipokoroma Waziri alipiga makofi, nasi tukamfuata. "Hii ndiyo nidhamu!" akasema. "Mashine inazimwa mpaka inaelewa!"

Shemeji alijifunika mtandio usoni. Nilidhani analia.

Kisha Waziri akausoma Waraka Namba Tano kwa mwanga wa simu yake, neno kwa neno. Ulimgusa. "Watumishi wazalendo!" akanguruma. "Nje kuna watu wa televisheni wananisubiri. Kabla sijaenda kuwaeleza, nataka picha moja ya kihistoria. Fungueni mapazia! Sisi sote tuinue mikono juu, mimi nikiwa wa kwanza, na mwizi naye ainue ya kwake, ili taifa lione nani ni nani!"

Lile dirisha ni kubwa kweli. Jua likaingia lote. Mikono ishirini na sita ikawa juu, na mpiga picha, kwa kuwa ndiyo kazi yake, akapiga.

Viganja vyetu vyote vilikuwa vyeusi. Vya Mwenyekiti vilikuwa vyeusi hadi kwenye kiwiko. Viganja viwili tu mle chumbani vilikuwa vyeupe, na mwenye navyo alikuwa anavichezesha kidogo, kama anayemuaga mtu stesheni.

"Mheshimiwa," akasema Mwenyekiti, "hii ni rangi ya mapazia."

Waziri aliyatazama mapazia. Yalikuwa ya njano. Jasho likamtoka, akajipangusa paji la uso, akashuka hadi shavuni. Tukaona. Hakuna aliyesema, kwa maana uso wa Waziri si jambo la kujadiliwa na wajumbe. Akamgeukia shemeji, sauti imepungua ghafla.

"Mama, hii inatoka kwa nini? Sabuni? Mafuta ya taa?"

"Haitoki. Inaisha yenyewe. Wiki hivi, wiki na ushei."

"Na... hakuna kingine ninachopaswa kujua?"

"Kuhusu uso, Mheshimiwa, maelezo ni kuanzia daraja la saba."

Hakumwelewa, lakini mtu aliyedumu serikalini hajui tu kusema, anajua pia kukimbia. Aliagiza papo hapo: Waraka Namba Tano ufutwe, uchapwe, asaini, na liwe kama halikuwa. Wote tukamtazama shemeji. Yeye ndiye pekee aliyejua kuchapa.

"Mimi nimesimamishwa," akasema. "Nikiigusa hiyo printa nitakuwa nimevunja agizo la Kamati. Sitaki mambo ya kuvunja sheria, nina mtoto."

"Unataka nini?" akauliza Waziri.

"Kazi yangu. Na chumba changu, hiki hiki, na dirisha lake. Na wino niagize mwenyewe bila kamati yoyote. Hii Kamati iondoke. Nimechoka nayo mno."

"Chapa yote! Chapa na ya kufuta waraka! Haraka!"

Hapo mimi, kama Katibu, nikasimama kulinda utaratibu. Nilisema haiwezekani mtumishi aliyesimamishwa kuchapa waraka wa serikali. Lazima barua ya kumrudisha shemeji kazini na kuivunja Kamati itoke kwanza, isainiwe, ndipo waraka wa kutuokoa ufuate. Wajumbe waliafiki kwa kauli moja. Ulikuwa uamuzi wetu wa mwisho kama chombo, na wa kisheria kabisa.

Barua ya kwanza ikatoka nyeusi tii, kila herufi imeshiba. Waziri akasaini, akaacha na alama ya dole gumba, kisha akachungulia saa. "Hiyo ya pili mtaniletea nje niisaini," akasema, akatoka kwenda kwa watu wa televisheni na uso wake ule.

Waraka Namba Sita ukaanza kutoka. Kichwa cha habari kilikuwa cheusi. Salamu zilikuwa kijivu. *Kuanzia leo* ilikuwa kama pumzi kwenye kioo. Baada ya hapo karatasi iliteremka nyeupe, nyeupe, nyeupe mpaka chini.

"Wino umeisha," akasema shemeji.

"Weka mwingine!" akafoka Mwenyekiti.

"Ofisini haupo, mlizuia kuweka akiba. Mimi nitaagiza Jumatatu, kama barua inavyosema. Ingebaki nusu katriji, Mzee, lakini mmeizima mara kumi na nne."

Kwa hiyo Waraka Namba Tano ulibaki hai, na picha ya viganja ikawa kwenye simu ya kila mtu kabla ya adhuhuri. Ile hotuba ya Waziri dhidi ya wezi wa wino, aliyoitoa mubashara kwa dakika ishirini na nusu ya uso ikiwa nyeusi, imetazamwa kuliko hotuba zote za taifa zikijumlishwa.

Jumatano nilikwenda kuomba shemeji anichapie rufaa yangu. Chumba cha uchapaji kilikuwa kimefunguliwa dirisha, na foleni ilianzia hapo dirishani ikazunguka jengo, watu waliokuwa wanangoja vyeti tangu tulipoanza kuwabania wino. Nikapita moja kwa moja mbele.

"Shemeji, ni mimi."

"Naona. Kaka yako hajambo, anakusalimu. Kaa foleni."

Nikapewa namba mia moja na ishirini na moja. Bibi aliyekuwa mbele yangu ameshika cheti cheupe akaniuliza kama nami nimefiwa. Nikamwambia mimi nilikuwa Katibu wa Kamati. "Hongera," akasema, akageuka.

Baada ya saa moja hivi akaja mtu amevaa kofia iliyoshushwa hadi kwenye nyusi na miwani ya jua, mikono mfukoni, bahasha ameibana kwapani. Alituruka wote, akainama dirishani na kunong'ona:

"Mama, nadhani unajua mimi ni nani."

"Najua, baba, nilikuona kwenye televisheni," shemeji akajibu kwa sauti ya kufika mwisho wa foleni. "Wewe ni mia moja na ishirini na mbili."