Kisu cha Nduna

Sixbert Komba hakuwa mwizi. Mwizi huchukua, Sixbert alipewa, tena kwa shukrani.

Siku alipoiona pikipiki nyekundu bandani kwa Mzee Otto, pale Matarawe, na ukutani sebuleni visu vya kale vimening'inia kila saizi, akajua riziki imemwita kwa jina. Ilikuwa imechelewa kidogo, maana baba yake Careen, mchumba wake, alishasema hamtoi binti yake kwa mtu anayetembea kwa miguu.

Akanunua sokoni kisu cha kukunja cha kumenyea machungwa. Akakitia mpini wa mfupa wa ng'ombe, akauchonga ngao na mikuki, akakifukia wiki mbili kwenye majivu yenye chumvi. Kilipofukuliwa kilikuwa na umri wa miaka mia na ushee.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibu."

"Hiki alikuwa nacho nduna, jemadari wa Wangoni, wakati wa Majimaji. Mimi nimerithi tu. Hela sitaki, mzee, hela zinaisha. Tubadilishane na ile pikipiki."

Mzee Otto akavaa miwani, akakikunja kisu, akakikunjua. "Nduna wa ukoo gani?"

"Gama, wa Mpitimbi."

Mzee akajifuta macho. "Mimi pia ni Gama. Baba yangu mdogo, Leo, alikwenda manamba, kukata mkonge Tanga, akapotelea huko. Kisu cha nduna aliondoka nacho yeye."

Hapo mwenye akili angeaga. Sixbert aliona undugu utalainisha biashara. "Huyo Leo ndiye babu yangu," akasema, akatoa chozi moja. Mawili yangekuwa hasara.

"Kumbe wewe ni mwanangu! Basi unajua, silaha ya marehemu haiuzwi ndani ya ukoo. Inarudi kwa mkubwa." Kisu kikaingia mfukoni mwa mzee. "Na pikipiki ni ya ukoo vilevile. Anaichukua atakayejengea kaburi la nduna. Mifuko minne ya simenti inatosha."

Sixbert akauza redio, akauza na godoro. Jumamosi akashusha mifuko minne, akaambiwa arudi Jumatano.

Jumatano alifika na helmeti kichwani. Mzee Otto alikuwa anasakafia kibaraza chake, na mkewe, Mama Lidwina, anamenya viazi kwa kisu cha nduna.

"Mzee, na kaburi la babu?"

"Babu yupi? Mimi Mmatengo. Wazee wangu wote wamelala Mbinga."

Sixbert akaitazama mifuko minne mitupu. Iliuma, tena iliuma kweli, maana godoro lilikuwa zuri. "Umenitapeli, mzee."

"Twende kwa mtendaji wa kata basi. Utaanza kueleza wewe."

Sixbert akavua helmeti. Akaomba arudishiwe angalau kisu.

"Ngoja nimalize viazi," akasema Mama Lidwina. "Nimekiosha mara tatu, majivu hayaishi."

"Hakirudi hicho, jioni kinapanda ukutani," akasema Mzee Otto, akilainisha simenti kwa mwiko. "Vile vyote unavyoviona, mwanangu, hakuna hata kimoja nilichonunua. Vililetwa na wajukuu wa manduna."