Kuhusu Ahadi Niliyoitoa Kichwa Chini

Mahongole, Makambako

Kwa mkwe wangu Obed,
Mtaalamu wa Viungo na Mgongo, Njombe Mjini.

Ndugu Mkwe,

YAH: KUOMBA UJE UCHUKUE KITANDA CHAKO

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Kamwene. Sisi huku ni wazima, baridi tumeizoea na viazi vimetoka vizuri. Mgongo wangu nao ni mzima, na hilo ndilo linalonipa tabu kuandika barua hii.

Ulipotuletea kile kitanda cha chuma kinachomfunga mtu vifundo vya miguu na kumgeuza kichwa chini ili kiuno kinyooke, ulibandika ukutani masharti sita kwa mwandiko mzuri. Sina ugomvi na utaalamu wako. Nilipimwa presha na macho kwanza, kama ulivyoagiza. Malalamiko yangu ni haya:

1. Sharti la pili linasema nianze kwa kulala mshazari kidogo, dakika moja, nisijitie ujana. Siku ya kwanza nilijitia ujana. Mama mkwe wako, Mama Jasmine, akakupigia simu kunishtaki kabla sijarudi wima, nawe ukampongeza.

2. Sharti la nne linasema nisipande peke yangu, awepo mtu wa kunisimamia. Hukuandika kwamba msimamizi anaruhusiwa kuzungumza. Nimeishi na mama mkwe wako miaka thelathini na minne, na kila alipoanzisha jambo nisilolipenda nilikumbuka ng'ombe. Sasa siwezi kuwaendea ng'ombe. Wiki ya kwanza aliuliza habari ya bati la jikoni linalovuja. Wiki ya pili akauliza kwa nini niliacha kwaya. Siku hizi anakuja na daftari.

3. Sharti la tano linasema nirudishwe polepole na nipumzike nikiwa nimelala kabla ya kusimama. Hiyo polepole hukuipimia. Jumanne, nikiwa bado kichwa chini, alimtaja kaka yangu Methusela. Habari unaijua: alikata miti saba ya miwati mpakani mwa shamba alilotuachia marehemu baba, na huu ni mwaka wa kumi na moja hatusalimiani, hata misibani tunakaa pande mbili. Akauliza kama nitakwenda kwake tuyamalize. Dakika zangu mbili zilikuwa zimekwisha. Yeye akawa anaangalia saa kama mtu asiye na safari. Nikasema nitakwenda.

4. Kwa hiyo naomba uthibitishe kwa maandishi, pamoja na muhuri, kwamba damu ikijaa kichwani mtu husema asilolikusudia. Miwati ile ilikuwa yangu, angalau minne. Nikienda mimi, ukoo mzima utasema nimeshindwa. Na akinifungia mlango, mkwe, nitaumia kuliko nilivyowahi kuumwa kiuno. Hilo ndilo ninaloliogopa, na nakuandikia wewe kwa sababu siwezi kumwambia mama yenu.

5. Kama muhuri huna, basi ongeza sharti la saba: msimamizi afungwe mdomo kwa muda uleule niliofungwa miguu.

La sivyo, njoo Jumamosi uchukue kitanda, unirudishie na maumivu yangu ya zamani. Yalikuwa yakinipa udhuru wa kutokwenda popote.

Msalimie Jasmine, wajukuu, wazazi wako kule Kidugala, na wagonjwa wako wote walioning'inia.

Mimi baba mkwe wako, ambaye kwa sasa nimesimama,
Elius Mlowe

Nakala: hakuna. Mama Jasmine asijue.

Nyongeza: Barua hii imekaa siku mbili sijaituma. Jumamosi usije. Jana nilikwenda kwa Methusela. Mlango hakunifungia, kwa sababu hakuweza kuinuka kuufunga. Kiuno kimembana tangu kupalilia, hata viatu anavalishwa. Nikamleta kwangu, tukapitia zahanati akapimwa presha na macho. Sasa hivi yuko kitandani, mshazari kidogo kama ulivyoandika, na msimamizi ni mimi. Nilikuwa nimeazima daftari la Mama Jasmine na kuandika maswali yote ya miwati. Nimeishia kumuuliza kama mikanda haimbani. Amesema haimbani, ila nisiende mbali.