Ubao wa Herufi na Leso Yangu Mpya

Jumatatu, 10 Novemba

…na ndiyo sababu nasema hakuna mume kama Uweis, si Malindi hii wala ng'ambo! Ameondoka asubuhi kwenda Lamu kumleta mama yake. Amenipungia mkono mpaka kona ikammeza. Nikalia. Kisha nikala mahamri yangu, na yake.

Aliniomba jambo moja tu: ule ubao wa herufi nje ya mkahawa wetu nisiuguse. Upepo uliuangusha, na ile paneli nyeusi yenye mifereji ya kuchomekea herufi ikapasuka. Fremu si ya kawaida, paneli za dukani haziingii. Akasema atashughulikia akirudi.

Lakini Mamamkwe anafika Ijumaa! Siku ya arusi alinitazama juu mpaka chini, akasema nitazoea. Basi, neno hilo tu. Nataka akishuka asome KARIBU MAMA, ajue mwanawe hakuoa pambo. Nimempigia Mwaro, fundi wa mabango Kilifi. Atakata kwa kipimo nitakachompa. Furaha iliyoje!

Jumanne, 11 Novemba

Wifi yangu Lubna kaja na ushauri. Ati nipime kwa tepu ya Uweis. Tepu ina kutu! Na hina yangu je? Nimetandaza leso mpya aliyonipa Uweis, yenye maneno PENZI LETU HALINA KIPIMO. Upana wa fremu: pindo kwa pindo! Kimo: leso ikikunjwa kati, sawasawa! Kama hii si dalili, ni nini? Lubna kasema, bibi arusi, mapenzi hayakati plastiki. Wivu huo.

Leso yenyewe itakwenda kwa fundi. Lakini nimpelekee ina vumbi, aseme mke wa Uweis mchafu? Nimeiloweka maji moto, nikaifua, nikaianika, nikaifukiza udi. Inanukia kama chumba chetu.

Jumatano, 12 Novemba

Leso imepanda gari la Kilifi. Mwaro kapiga simu, kauliza sentimita ziko wapi. Nikamwambia zimo ndani ya leso. Akasema amewahi kuletewa uzi, fimbo, hata ufagio, ila leso ndiyo mara ya kwanza, na bado angependa namba. Nikamjibu leso haisemi uongo. Akacheka: haya mama, leso yako, lawama yako.

Uweis naye kapiga. Kaniita nuru. Sikumwambia kitu!

Alhamisi, 13 Novemba

Paneli imekuja. Nzuri, nyeusi, inameta! Nimeiweka kwenye fremu. Ikapita moja kwa moja mpaka chini. Pungufu vidole vinne!

Nimempigia Mwaro kwa ukali. Kwa adabu kabisa akasema amekata pindo kwa pindo, kisha akauliza kama leso ilikuwa imefuliwa. Nikajibu kwa fahari kwamba ndiyo, kwa maji moto. Akavuta pumzi. Lubna aliyekuwa akisikiliza kacheka mpaka akaketi juu ya gunia la unga. Ati hata mtoto anajua leso mpya ikifuliwa wanga hutoka, nguo ikapungua. Mbona hakusema juzi? Ati alidhani naifua ya kuvaa.

Sijashindwa. Nimeziba pengo kwa ukili, ule msuko wa majani ya mkindu unaoshonwa mikeka. Limekaa kama pambo. KARIBU MAMA imesimama!

Ijumaa, 14 Novemba

Mamamkwe kafika. Nikampa shikamoo, nikambusu mkono. Akasimama chini ya ubao, akasoma taratibu. Upepo ukavuma. Ukili ukachomoka, paneli ikateleza, ikaanguka miguuni pake. Herufi zikatapakaa njiani kama mbaazi!

Uweis akainama kuziokota. Mimi nikitafuta shimo la kuingia. Lubna, mwenye haraka zake, kasimulia yote, leso, maji moto, mpaka udi. Mamamkwe akauliza mara mbili kuhusu udi. Kisha akaanza kutikisika. Alicheka mpaka buibui likateleza kichwani, akanishika bega asianguke, akasema, mwanangu, nyumba hii ilikuwa kimya mno kabla yako. Mwanangu! Akamtuma Lubna alete chai, akaketi nami sako kwa bako.

Uweis kasema hajakasirika. Amenivisha tepu shingoni kama koja la asmini. Kesho kutwa nipime upya, kwa namba.

Jumapili, 16 Novemba

Namba hazina huba. Nimefikiri sana na kosa nimeliona: nguo! Nguo haiaminiki. Leo baada ya wali Uweis kalala mkekani kando ya fremu tuliyoiteremsha. Nikatazama. Nikaisogeza fremu polepole. Kutoka kisigino mpaka masharubu: sawasawa kabisa! Nimemkataza kunyoa.

Nimempigia Mwaro hapo hapo. Nimemwambia asijisumbue na sentimita, kabla mwezi haujaisha nitakuja Kilifi na kipimo chenyewe, nikilaze mezani pake. Akauliza kwa woga kama hicho nacho nitakifua. Nikamwambia asiwe na hofu, kinaoga kila siku na hakijapungua.