Laptop ya Katibu Luhende Yazikataa Sifa

Kwenye kijiwe cha kahawa cha Bi Zamda, pale Gongoni nyuma ya maduka ya vitenge, habari haisomwi ikaachwa ipite. Inakamatwa, inakalishwa kwenye benchi na kuhojiwa mpaka itubu. Jumatano hiyo asubuhi aliyeikamata alikuwa Deus, mwenye stesheneri ya jirani. Wenzake wanamwita Bando, maana anaweza kulala na njaa lakini intaneti haimkauki. Aliinua simu juu, akasoma kwa sauti ya mtangazaji:

"'Kampuni ya programu za kompyuta yakiri: maboresho ya wiki hii yanazima laptop zikiwa usingizini. Wateja waombwa kuwa wavumilivu.'"

"Si nilisema!" Mabruki fundi redio, maarufu kwa jina la Waya, aligonga benchi hadi vikombe vikaruka. "Mimi nikisikia neno maboresho nashika mfuko. Bomba la mtaani kwetu liliboreshwa, sasa linatoa upepo. Leo wamezifuata kompyuta za watu mpaka kitandani!"

"Kwani kompyuta nazo zinalala?" aliuliza Bi Zamda huku akigeuza maandazi. "Zimelima wapi hata zichoke?"

"Wavumilivu," alisema Mzee Abdulatifu polepole, akilionja neno. Huyu ni karani mstaafu, na hakuna risala iliyosomwa mbele ya mkubwa yeyote mjini hapa bila kupita mikononi mwake. Ndiyo maana kijiwe kinamwita Itifaki. "Hilo neno nimeliandika miaka thelathini na moja. Neno zuri sana. Halimgharimu anayelisema hata senti."

Wote wakacheka. Luhende hakucheka. Kikombe chake kilikuwa kimekwama katikati ya meza na mdomo.

Luhende ni katibu wa kikundi cha wafuga nyuki wa huko njia ya Sikonge. Mapajani alikuwa amepakata laptop ya kikundi, imevishwa kitambaa kizito cha kufuma, cheupe, chenye maua mekundu pembeni. Mkewe, Tunu, hana kifaa anachokiacha uchi. Redio ina kitambaa, televisheni ina kitambaa, hata jagi la maji lina chake. Laptop alikuwa ameifumia mfuko mzima, na ndani akautia bitana la blanketi ili isipate baridi.

"Bando," Luhende aliita. "Isome tena hiyo."

"Kimeumana! Katibu, usiniambie na yako imeboreshwa."

Ilikuwa imeboreshwa. Tangu Jumapili, ilipojiboresha yenyewe bila kumuuliza mtu, Luhende alikuwa katika mateso aliyoona haya kuyasimulia. Alhamisi saa nne mgeni rasmi alikuwa anakuja kuzindua ghala la asali kijijini, na risala ilikuwa ndani ya mashine ile, si pengine popote. Jumapili hiyo hiyo jioni aliiandika akaenda kulala, asubuhi akakuta mashine imezima na maneno yamekwenda. Jumatatu akaiandika upya, mashine ikazima tena. Jana jioni aliiandika mara ya tatu, Mzee Itifaki akimsomea aya kwa aya, akafunga kifuniko. Tangu hapo hakuthubutu kukifunua. Ameibeba mpaka kijiweni hivyo hivyo imefungwa, kama maiti inayosubiri ndugu.

"Sasa kaka, kwa nini hukusevu?" Bando alishika kichwa.

"Semina hatukufika huko."

"Semina gani?"

"Tuliyopewa pamoja na laptop. Siku ya kwanza utambulisho. Siku ya pili chai, picha ya pamoja na vyeti. Kusevu kulikuwa kwenye siku ya tatu, tukaambiwa bajeti imeisha. Sisi tulifundishwa ukimaliza kazi ufunge kifuniko, ukirudi ufungue. Miaka miwili nimefunga na kufungua, sijapoteza hata nukta!"

"Una cheti?" aliuliza Waya.

"Ninacho. Nimekitia fremu."

Benchi lote lilipasuka kwa kicheko, na Luhende akasikia masikio yanamwaka. Alitamani ainuke aondoke, ila aende wapi na mzigo ule?

Waya aliacha kucheka wa kwanza, maana alinusa kazi. "Tatizo dogo hilo. Betri imelegea. Nipe bisibisi na dakika kumi."

"Usimpe!" Bando aliruka. "Redio ya Mzee Majidi aliifungua kwa dakika kumi, hadi leo inashika Burundi tu."

"Na Majidi sasa anajua Kirundi! Mbona hilo hamlisemi?"

"Mimi nashauri turudishe yale maboresho yalikotoka," alisema Bando. "Inawezekana, ila inataka bando nzito."

"Mimi naona ni suala la taratibu," alisema Mzee Itifaki. "Kompyuta mpakato ni mali ya kikundi. Katibu analala nayo nyumbani kwa kibali cha nani?"

"Mzee, mimi nataka risala!" Luhende alikaribia kulia. "Wanakijiji wote watakuwa pale. Nitasimama nisome nini, cheti changu?"

Bi Zamda alijifuta mikono kwenye kanga, akaja na birika. Alimmiminia Luhende kahawa, halafu bila kumwomba ruhusa mtu akapenyeza kiganja ndani ya kile kitambaa. Akakitoa haraka.

"Ee! Mbona ya moto?"

"Ya moto vipi?"

"Ya moto kama maandazi niliyoyafunika. Mnasema imelala? Aliyelala anapoa, jamani. Mimi nimelea watoto sita. Mtoto akifumba macho na mwili unachemka, huyo hajalala, anahangaika."

Bando aliitazama simu yake, akaishusha chini, akaipandisha tena. "Hebu... hapa chini kabisa wameandika. Baada ya maboresho, ukifunga kifuniko mashine hailali sawasawa. Inaendelea na kazi zake kimyakimya. Ikikosa hewa inapata joto, joto likizidi inajizima." Alimtazama Luhende, kisha kitambaa. "Kaka, shemeji ameifumia blanketi."

"Tunu anaipenda," Luhende alijitetea kinyonge.

"Sasa kama ina moto si bado iko hai?" alisema Bi Zamda. "Itoeni humo mfungue. Hata hicho kitaa chake nakiona kinawaka kwenye matundu ya maua."

Kweli kilikuwa kinawaka, kijani, kidogo kama punje ya mtama. Risala ilikuwa hai! Akanyoosha mkono avute kamba ya mfuko, na fimbo ya Mzee Itifaki ikatua katikati.

"Tusikurupuke. Ikizima mkononi mwa mtu, nani atawajibika? Hapa lazima apatikane msimamizi."

"Msimamizi ni fundi," alisema Waya.

"Fundi hawezi kusimamia kazi atakayoifanya mwenyewe. Napendekeza mwenyekiti wa muda."

"Nampendekeza Bando."

"Mimi sitaki lawama! Kwanza ichomekwe chaji."

"Kwanza ipoe," alisema Waya. "Ukifungua ya moto unapasua kioo."

"Hoja mbili ziko mezani," alisema Mzee Itifaki, uso umemng'aa. Tangu astaafu hakuwahi kuwa na asubuhi nzuri kama ile. "Wanaosema ichomekwe chaji wanyooshe mikono. Katibu, andika."

Luhende, mazoea yana shida, akajipapasa mifukoni kutafuta kalamu. Walinyoosha mikono, wakahesabiana, wakapata sare, wakaulizana kama mwenye kijiwe ana kura.

"Kura yangu ni hii," alisema Bi Zamda. "Imezima."

Punje ya mtama haikuonekana tena kwenye maua. Luhende alirarua mfuko, akafunua kifuniko. Kioo kilikuwa cheusi, na ndani yake akauona uso wake mwenyewe, macho yamemtoka.

Bando aliichukua taratibu, akaipepea kwa gazeti mpaka ikapoa, akaiwasha. Ikajivuta, ikaamka. Akatafuta juu, akatafuta chini. "Ya jana haipo. Ila ipo moja. Nilikuchapia mimi humu humu pale dukani wiki tatu zilizopita, ukisema kwa mdomo. Hii niliisevu."

Luhende alikuwa ameisahau kabisa. Ilikuwa na mistari michache tu, akaisoma kwa sauti ya chini:

"Mheshimiwa mgeni rasmi. Ghala hili lilizinduliwa mwaka juzi. Likazinduliwa tena mwaka jana. Halina mlango. Madebe manne ya Mzee Ngollo yaliibiwa humo. Tumeacha kuweka asali, nyuki wamehamia wenyewe. Hatuombi uzinduzi. Tunaomba mlango."

Waya alipiga mluzi. Bi Zamda aliacha maandazi yaungue.

"Hiyo haisomeki mbele ya mkubwa," alisema Mzee Itifaki. "Shukrani ziko wapi? Jana tulianza na kurasa mbili za pongezi, na mlango nikauweka ukurasa wa tatu, kwa lugha laini. Leta karatasi, nakusomea tena. Nazijua kwa moyo."

Luhende aliikodolea macho ile mistari. Aliogopa, tena sana. Lakini alimkumbuka Mzee Ngollo mwaka jana, baada ya risala ya kurasa nne, makofi na kwaya, alivyomfuata na kumuuliza kwa upole, "Katibu, ule mlango umeusema ukurasa wa ngapi?" Alikuwa hakuusema popote. Karatasi zilijaa kabla hajaufikia.

"Shikamoo, mzee," alisema.

"Marahaba. Mbona unanisalimia upya?"

"Naomba radhi kabla sijakosa adabu. Mara tatu nimeziandika sifa ulizonitungia humu, na mara tatu mashine imezitapika. Mimi siandiki mara ya nne. Bando, nichapie hiyo kwenye karatasi."

"Umetisha, mwanangu!" Waya alipaza sauti. Mzee Itifaki alikunja uso, akaagiza kahawa nyingine, akaitaka chungu.

Ijumaa asubuhi benchi lilijaa mapema. Luhende alipotokea, amepauka kwa vumbi la njia, hawakumpa hata nafasi ya kukaa.

"Umekamatwa?"

"Umefukuzwa?"

"Mwangaluka," Luhende alisalimu. Bi Zamda akamwekea kahawa. "Nimesoma. Tena nimesoma yote mpaka kwenye mlango. Mzee Ngollo alisimama mwenyewe akapiga makofi, wakamfuata wote."

"Na mgeni rasmi?" Mzee Itifaki aliuliza, hawezi kujizuia.

"Alikata utepe. Waliufunga huku barabarani, maana ghalani nyuki walikataa. Halafu akapewa kipaza sauti, akasema ameisikiliza risala yetu kwa makini, anatushukuru kwa pongezi nyingi tulizompa, na milango ya ofisi yake iko wazi."

"Basi mkang'oe mmoja!" alisema Waya, na benchi likafa kwa kicheko, hata Mzee Itifaki mabega yakamcheza.

Bi Zamda peke yake hakucheka. Alikuwa amesimama na birika, amekunja paji la uso.

"Alipokuwa anasikiliza, macho yalikuwa wazi?"

"Aliyafumba tangu kwaya. Msaidizi wake alisema ni namna yake ya kutafakari."

"Ulimpa mkono?"

"Nilimpa."

"Wa moto?"

Luhende alifikiri, akakitazama kiganja chake. "Wa baridi. Kama chupa ya soda."

"Basi huyo," alisema Bi Zamda, akimimina, "amelala kweli."