Leseni Nimeihamisha, Heshima Imebaki Bungoma

Leo nimevuliwa nguo mbele ya kina mama wa kanisa, na aliyenivua ni kompyuta. Nasimulia mwenyewe kabla shemeji yangu Wafula hajawafikia na toleo lake.

Mnajua ile shule ya jioni hapa Kitale iliyonipa cheti cha kompyuta. (Cheti kiko ukutani sebuleni, kila mgeni husomewa.) Sasa wameniita nifundishe. Mimi. Sharti lilikuwa moja: mwalimu aje na kompyuta yake, na Windows yake iwe na leseni halali, si ile ya kuwekewa kwa flashi na jamaa wa steji. Ukaguzi ulikuwa leo saa kumi. Nikikosa, nafasi inaenda kwa jamaa fulani kutoka mji wa Kwanza ambaye tayari alikuwa anatembea kama mwalimu mkuu.

Leseni ninayo. Niliinunua kwa jasho langu, mtu wa pekee katika Trans-Nzoia nzima kufanya kitu kama hicho. Shida ni kwamba leseni moja inakaa kwa mashine moja, na ilikuwa imekaa kwa kompyuta yangu ya zamani, ambayo nilimpa mama mkwe huko Bungoma kwa mambo ya kikundi chake cha kina mama wa kanisa. Lazima uitoe kule ndipo uiweke kwa laptop mpya. Mama alikubali. Asubuhi nikamwelekeza Wafula kwa simu. Akazima kila kitu mara mbili, pamoja na friji. Nikabeba laptop, nikaenda mwenyewe.

Nafika, sebule imejaa. Kikundi kinakutana hapo hapo leo. Na kompyuta iko wapi? Kando ya kiti cha mama mkwe, imeunganishwa na televisheni kubwa kama mlango wa ghala.

Wale wa kwetu mnaelewa. Mkwe hakaribii kiti cha mama mkwe. Hamsalimiani kwa mkono, hamtazamani machoni, na mkitaka kuongea mnapitia mtu. Nikapewa kiti kule mlangoni, nusu yangu ndani, nusu uani. Wafula akawa mikono yangu.

"Mwambie mkwe achukue chai," mama akasema, akitazama dari.

"Mwambie mama nimeshukuru," nikasema, nikitazama viatu vyangu.

(Hivyo ndivyo watu wenye adabu huongea. Kumbukeni nilianza vizuri.)

Wafula akaketi mbele ya kompyuta. "Mulamwa," akaniita, yaani shemeji kwa lugha ya kwetu, "nifungue wapi?"

"Ingia kwa akaunti yangu ya zamani. Hiyo ya mama haina ruhusa ya kutoa leseni."

Nikamtajia neno la siri kutoka mlangoni. Kina mama wote wakalisikia, na mmoja akalirudia polepole ili asisahau.

Hapo ndipo elimu yangu iliponisaliti. Akaunti hiyo ndiyo niliyoingia nayo jana kwa laptop mpya, na ina tabia ya kubeba mapambo yako kutoka mashine moja hadi nyingine. Picha niliyoipamba laptop ikafuata mpaka Bungoma.

Picha yenyewe: mimi nyuma ya nyumba, nimeinua gunia la mahindi juu ya kichwa, nimevaa boksa peke yake. Boksa ya maua. (Niliiweka ili nikifungua kompyuta nijitie moyo. Misuli iko, hata maadui wanakubali.)

Kwa televisheni ile kitovu changu kilitoshana na sahani ya ugali.

Mama mkwe akajifunika leso usoni, akatoka kwa mlango wa nyuma kama mtu anayetoroka moshi. Kwetu mama mkwe akiona hata goti lako ni kesi. Huyu alikuwa ameona mkoa mzima.

"Zima hiyo kitu," mwenyekiti wa kikundi akasema.

Wafula akanyoosha mkono kwa swichi.

"Usizime," nikasema.

"Ati?"

"Ukizima tunaanza upya, na saa kumi hainingoji. Toa leseni."

"Bana, mama ako nje."

"Si basi hataona zaidi? Toa leseni."

Akafungua kile kisanduku cheusi cha kuandikia amri. "Kivute mpaka kiunoni," nikamwambia. Akakivuta. Nikabaki kifua na miguu, kama mheshimiwa aliyesimama nyuma ya meza. Nikamtajia amri herufi baada ya herufi, kwa sauti ya mwalimu, kwa sababu mimi ni mwalimu. Kina mama walikuwa wameinamisha vichwa kama wanaombea chakula, isipokuwa mmoja wa kutoka Sirisia. Huyo alikodoa tu.

"Hilo gunia ni kilo tisini?" akauliza.

"Tisini na kidogo," nikasema. (Lilikuwa nusu. Lakini kwa hatua ile ningepunguza kwa nini?)

Leseni ikatoka. Wafula akafunga akaunti, picha ikapotea. Nikaweka laptop magotini, nikaandika nambari ya leseni, nikangoja. Ikakubali. Nikainuka, nikaaga kila mtu kwa utulivu wa mtu aliyevaa.

Wafula akanifikia getini, anajaribu kuweka uso wa msiba na uso unakataa.

"Mama amenituma."

"Sema."

"Anasema hiyo kazi uipate leo leo, ndiyo ununue suruali."

Nimefika Kitale, nimekaguliwa, nimepita. Jumatatu naingia darasani. Blanketi la kumtuliza mama litapelekwa na mke wangu, mimi Bungoma wataniona mahindi yakikauka. Na nyinyi mnaojiandaa kunicheka hapa chini, karibuni sana, lakini kwanza kila mtu aonyeshe leseni yake.