Malalamiko Kuhusu Ufunguo wa Maneno Sita

Kwako Dada Dipsikha,
Msimamizi wa "Wachumba Hewa", kundi la vichekesho la sisi mashoga wa Patan.

YAH: KULAZIMISHWA KUWA NA SIRI NDEFU KULIKO UKOO WANGU

Dada mpendwa,

Kwa heshima na taadhima, mimi Rojen Shakya, mwanakundi mtiifu wa miaka mitatu, nawasilisha yafuatayo:

1. Kundi letu ni la utani. Tunawacheka wachumba tunaoletewa na wazazi, tunachekana wenyewe, basi. Lakini mwezi uliopita ulitangaza kila mtu achague ufunguo mpya wa kufungia mazungumzo yetu kwenye simu yake. Nilipokiri kwa unyenyekevu kwamba wangu ni jina la Bikesh, aliyeniacha, pamoja na mwaka alioniacha, ulinijibu mbele ya watu mia mbili: "Shoga, moyo alishauvunja, sasa unampa na simu aivunje?" Walicheka siku mbili.

2. Ukaniamuru nirushe dadu, na kwa namba zitakazotokea niokote maneno sita kwenye orodha yako, yasiyojuana hata kwa salamu. Nikaomba kubadilisha moja tu, lipendeze. Ukasema: "Ukichagua unachokipenda, anayekujua atakikisia." Sikujua kwamba kupenda kunaweza kumponza mtu. Samahani, nilijua. Nilikuwa nimesahau kidogo.

3. Sikukuu ya Mohani, ukoo mzima ukiwa kwetu, binamu yangu Suyog, aliyejiteua mlinzi wa heshima ya familia, alininyang'anya simu ikiwa wazi, katikati ya sahani za nyama. "Leo tutajua unachekeana na nani humu!" Kilichobaki kumzuia ni ufunguo wa kundi. Akajaribu tarehe yangu ya kuzaliwa. Akajaribu jina la Bikesh, na mpaka leo sijui alilitoa wapi. Mimi nikamwagia baba pombe ya mchele kwenye suruali. Simu ikakataa, ikakataa, ikajifunga kabisa. Shangazi Ratnadevi akamwambia Suyog: "Wewe, umekuja kula au kupekua? Rudisha simu ya mwenzio!" Ukoo wote ukamcheka yeye.

Sasa nakuuliza, Dada: ile hotuba yangu ya kufukuzwa nyumbani niipeleke wapi? Naiandaa tangu nina miaka kumi na sita. Ina hadi mahali pa kulia. Badala ya kufukuzwa, nikaongezewa nyama.

4. Kwa kuwa sikufukuzwa, bado naishi kwa wazazi, na Jumamosi napelekwa kumtazama binti wa muuza masufuria. Lawama hii ni yako.

Kwa hiyo naomba funguo ndefu zifutwe, kila mtu arudie jina la aliyemwacha, nawe uniombe radhi hadharani kwa kunifanya nionekane mtu mwenye busara.

Wasalimie wanakundi wote, wazima na walioachwa.

Ni mimi, mwenye uchungu na shibe,
Rojen Shakya

N.B. Sasa hivi Shangazi Ratnadevi amenifuata darini nikianua nguo. Ameniuliza kwa sauti ya chini, simu inafungwaje namna ile? Nikamtania, mjane wa umri wake ana nini cha kuficha. Akasema: "Nina picha zangu na Astamaya, mwanamke mwenzangu. Miaka thelathini na moja, mwanangu. Na simu yangu huwa anaitengeneza Suyog." Tafadhali chana barua hii. Tuma ile orodha ya maneno, kwa maandishi makubwa, macho yake hayaoni vizuri. Dadu ameshazishika.